Kenyatta na Leakey: Wasee Wawili, Mlima Mmoja

Siku hizi ukisikia "watu wa Mlima" unafikiria kura tu. Kitambo kulikuwa na vita ingine: nani ana haki ya kuandika Wakikuyu ni watu wa aina gani?

Mwaka wa 1938, Jomo Kenyatta alitoa kitabu, *Facing Mount Kenya*. Alikuwa amesomea anthropolojia, yaani masomo ya jamii za watu na mila zao, pale London School of Economics chini ya profesa Bronislaw Malinowski. Kwa jalada ni yeye mwenyewe, ngozi begani, mkuki mkononi. Manze, buda alijua kujiuza kabla Instagram izaliwe.

Lakini moto ulikuwa kwa sura ya shamba. Kenyatta alieleza vile githaka ilikuwa na wenyewe na mipaka, na muhoi alikuwa nani: mtu umemkaribisha alime, lakini shamba si lake. Hiyo haikuwa hadithi ya kando ya moto. Masetla walikuwa wamekalia mashamba ya Kiambu, na serikali ya mkoloni ilikuwa inajifanya haioni wenyewe. Kenyatta alikuwa anawaambia, kwa lugha ya chuo chao, kwamba wamekalia mali ya watu.

Si kila kitu humo ni cha kupigia makofi. Alitetea ukeketaji, na hapo ni mwanaume anabonga kuhusu miili ya wasichana. Hiyo sura soma ukiwa macho.

Upande ule mwingine kulikuwa na Louis Leakey, mzungu aliyezaliwa Kabete mwaka wa 1903 na kukua akiongea Kikuyu. Mwisho wa miaka ya 1930 alikaa na wazee akaandika kazi kubwa kuhusu mila zao. Ilikuja kutoka 1977, vitabu vitatu, mwenyewe akiwa ameshakufa miaka mitano.

Sasa shika hii. Kapenguria, 1952, Kenyatta yuko kortini kwa kesi ya Mau Mau. Mkalimani ni nani? Leakey! Wakili wa Kenyatta, D. N. Pritt, akalalamika kwamba tafsiri inaegemea upande mmoja, Leakey akajitoa. Kenyatta alifungwa miaka saba.

Ukipata hicho kitabu cha 1938, anza na sura ya shamba. Alafu muulize cucu wako muhoi ni nani. Kama familia yenu iko na kesi ya shamba, jitayarishe, hiyo stori haitaisha leo.