Gluteni na Chungu cha Familia (3): Daktari Mholanzi, Njaa ya 1944 na Mashine Yetu ya Kusaga

Tarehe 16 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Siliaki. Mwaka huu imepita na kutuachia ujumbe unaoruka kutoka simu hadi simu, unaodai kwamba ngano ni sumu kwa kila binadamu, kwamba mtoto yeyote anayeumwa tumbo aondolewe mkate leo hii, na kwamba unga salama ni ule wa pakiti kutoka ng'ambo. Inanisikitisha kuona wazazi wakitishwa kwanza, kisha wakiuziwa. Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanakumbuka tofauti kati ya siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, husababisha utumbo kudhurika), mzio wa ngano, na ile hali ya tatu ambayo tumbo linalalamika lakini vipimo viko safi. Sitarudia. Leo ninataka kusimulia jinsi madaktari walivyofika hadi kwenye ngano, kwa sababu walipita mlango uleule mara mbili bila kuufungua, na sisi tunaelekea kufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alichapisha maelezo ya watoto aliowaona wakikonda mikono na miguu huku matumbo yamefura, choo chao kingi, cheupe na chenye harufu mbaya. Hakuwa na kipimo chochote cha damu wala cha utumbo. Hata hivyo aliandika wazi kwamba kama mgonjwa wa namna hii atapona, basi chakula ndicho kitakachomponya. Mimi humheshimu sana kwa sentensi hiyo. Lakini tazama orodha yake: alikataza wali, matunda na mboga, akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili! Asiye na hatia akafungwa, mwenye kosa akaachwa mezani. Katika andiko hilohilo anasimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome bora wa Uholanzi, zaidi ya lita moja kila siku, akanawiri vizuri. Msimu wa kome ulipokwisha, ugonjwa ukarudi. Msimu uliofuata ulipofika mtoto akakataa kabisa kuwala. Gee alikuwa na jibu mkononi, maana mtoto aliyeshiba kome hana nafasi ya mkate, lakini hakuna aliyeuliza ni kitu gani kilichopungua kwenye sahani. Wote walitazama kilichoongezwa.

Kosa hilo lilirudiwa New York mwaka 1924. Daktari Sidney Haas alitangaza tiba ya ndizi mbivu, nne hadi nane kwa siku, pamoja na maziwa, jibini, nyama na mboga. Mkate, biskuti, viazi na nafaka zote alizipiga marufuku. Watoto waliokuwa wanakwenda kaburini wakaanza kuongeza uzito, na kwa robo karne na zaidi watu waliamini kwamba ndani ya ndizi mna dawa. Ndizi ni chakula chema, na wasomaji wangu wa Bukoba na wa Buganda hawahitaji daktari wa Marekani kuwaeleza hilo. Ila ndizi haikutibu chochote. Ilishika nafasi ya mkate tu. Na ubaya wa kuelewa nusu ulionekana baadaye: mtoto aliyehesabiwa kuwa amepona alirudishiwa mkate, na vile vijidole vya utumbo vinavyofyonza chakula, tulivyovieleza katika sehemu ya pili, vikaanza tena kulika polepole.

Sasa tuje kwa mtu ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikimtaja kila ninapopata msikilizaji. Willem Karel Dicke alizaliwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1905. Akiwa na miaka 31 tu alikabidhiwa uongozi wa Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini The Hague. Kabla ya vita, katika miaka hiyo ya 1930, habari ya mama mmoja kijana ilimfikia: mama huyo alikuwa ameona kwamba upele wa mwanawe mwenye siliaki ulikuwa ukipungua upesi kila alipomwondolea mkate. Basi. Alikuwa na mtoto na jiko. Dicke hakumpuuza. Alianza kuwapangia wagonjwa wake chakula kisicho na ngano, na mwaka 1941, nchi yake ikiwa tayari chini ya Wajerumani, alichapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu jambo hilo.

Ninasisitiza mwaka huo kwa sababu simulizi inayopendwa na wengi inasema kwamba njaa ndiyo iliyomfundisha. Njaa ilikuja baadaye, ikamthibitishia. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma kwa wito wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, na Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kuingia mikoa ya magharibi. Kipupwe kilichofuata kilikuwa kikali. Watu wa Amsterdam, Rotterdam na The Hague walikula vitunguu vya maua ya tulipu na mizizi ya kutengenezea sukari, na takribani watu 20,000 walikufa. Katika msiba huo, watoto wa siliaki ambao kila mtu angewatarajia kufa mwanzo, ndio waliopata nafuu. Mkate ulikuwa haupatikani. Ulipoanza kurudi mwaka 1945, nchi nzima ikishangilia, watoto hao wakaanza kuharisha upya.

Daktari mwingine angetosheka hapo. Dicke alirudi kwenye kazi ya subira. Aliwafuatilia watoto kwa muda mrefu, akiwapa unga huu kisha kuuondoa, akiwapa ule kisha kuuondoa, huku mwanakemia van de Kamer akipima mafuta yaliyobaki kwenye choo chao ili kujua utumbo umefyonza kiasi gani. Ngano ikaonekana kudhuru, na nafaka ya rai pia. Mahindi na mchele havikudhuru. Hiyo ndiyo tasnifu aliyoitetea Utrecht mwaka 1950. Miaka miwili baadaye wenzake wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba ndani ya ngano mkosaji ni gluteni, na wanga wake hauna hatia. Dicke alifariki mwaka 1962, akiwa hajafikisha hata miaka 60.

Nimekaa sana kwa Mholanzi huyu kwa makusudi. Katika zahanati zetu ni mara ngapi mama anaeleza kwamba mtoto huharisha kila akila chapati, na kabla hajamaliza ameshaandikiwa dawa ya minyoo? Minyoo ipo, amiba ipo, na ni haki vitafutwe kwanza. Lakini dawa ya minyoo ikirudiwa mara tatu bila mafanikio, maneno ya mama yanastahili kuandikwa kwenye faili. Kumsikiliza hakuhitaji bajeti ya serikali.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwapima watoto 989 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi ambao wengi wao wanaishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Walikuta siliaki kwa asilimia 5.6, wakati makadirio ya dunia ni kama asilimia moja. Wahenga wa watoto hao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Leo sehemu kubwa ya posho yao ni ngano. Jeni zilikuwamo tangu zamani, ngano ikazikuta. Nasi mkate, chapati, maandazi na tambi vimeingia katika kila mtaa, kwa hiyo ni busara kuangalia kabla ya kusema kwamba kwetu hakuna.

Na hapa ndipo ninapowakasirikia wauza pakiti. Ngano haikuwa tegemeo la wengi wetu. Lord Delamere alipojaribu kuilima Njoro, Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu ulishambulia mashamba yake, na aina kali ya kutu ya shina inayoitisha dunia hata leo ilitambuliwa mara ya kwanza Uganda, mwaka 1998. Hanang, Tanzania, mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada yaliwagharimu wafugaji Wabarbaig malisho yao. Tumeihangaikia ngano kwa gharama kubwa, na bado tunaiagiza kwa meli. Ulezi kwa upande wake ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, mtama ni mzaliwa wa Sudan, na vyote viwili, pamoja na uwele, mahindi, mchele, muhogo, viazi na ndizi, havina gluteni hata chembe. Gramu 100 za ulezi zina kalisi ipatayo miligramu 340, zaidi ya mara kumi ya mchele mweupe. Kwa mtoto ambaye utumbo wake ulishindwa kufyonza kalisi kwa muda mrefu, huo ni msaada mkubwa kwa mifupa. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa nafaka ndogo kama ulezi, mtama na uwele, kwa pendekezo la India. Sisi tuliokuwa nazo tangu zamani tuliupokea mwaka huo kwa ukimya.

Pwani hasa hakuna haja ya kumwonea huruma mtoto wa siliaki. Vitumbua ni mchele. Vibibi ni mchele, vileja ni mchele, mkate wa kumimina ni mchele na nazi, na mofa ya asili ni unga wa mtama. Bibi aliyeweka sinia hilo mbele ya wajukuu hakuwahi kusikia neno gluteni.

Hatari iko kwingine. Simama asubuhi kwenye mashine ya kusaga ya mtaani uangalie. Wa kwanza anamimina ngano ya uji wa lishe. Wa pili ana mahindi, wa tatu ulezi uliopepetwa na kuoshwa vizuri nyumbani. Msagaji anagonga bomba kwa ngumi mara mbili, vumbi jeupe linashuka, na ulezi unapita palepale. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na mgonjwa akipata miligramu 50 tu kila siku kwa muda, utumbo wake unaweza kudhurika. Kipande kimoja cha mkate kina gramu kadhaa. Basi vumbi la kwenye bomba si jambo dogo. Unga wa lishe wa pakiti nao mara nyingi umechanganywa nafaka tano au sita, ngano ikiwamo, kwa maandishi madogo nyuma. Ningependa kuona katika kila kata mashine moja isiyoguswa na ngano, na nitaendelea kuliandikia hilo hadi litokee. Kwa sasa, familia zenye mgonjwa zijiunge, zinunue kinu kidogo cha pamoja.

Nafasi imebaki ndogo, nami nina barua nyingi zinazouliza la kufanya nyumbani. Usimwondolee mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa ukiwa bado unakutana na gluteni, na ukiiondoa mapema majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Siliaki ikithibitika, ndugu wa tumbo moja na wazazi nao wapimwe, maana kwa jamaa wa karibu uwezekano ni kama mmoja kati ya kumi. Pikeni chungu kimoja kisicho na ngano kwa wote, ili mtoto asile peke yake pembeni. Mwenye kutaka mkate wake aule bila kutumia ubao, kisu wala siagi ya pamoja. Mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa yasikaange viazi vyake. Sosi ya soya kwa kawaida ina ngano. Vinywaji vya kimea mara nyingi vina shayiri, na shayiri ina gluteni. Mzio wa ngano una kanuni zake, na huo tuliumaliza wiki iliyopita.

Kuhusu maziwa, wengi wameandika kwamba mtoto aliyegunduliwa na siliaki anaharisha hata akinywa chai ya maziwa. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijidole vya utumbo, na vikilika nacho huondoka. Mpe mtindi badala ya maziwa mabichi kwa miezi ya mwanzo, kisha mjaribu taratibu utumbo ukishapona. Kwa nini Mmasai mzima anakunywa maziwa bila shida na jirani yake mkulima hawezi, hilo lina utafiti wake wa mwaka 2007 uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, nami nitaufungua katika sehemu ya nne.