Sarafu za Shaba za Batalima wa Misri: Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita ndugu watatu waliofiwa na baba yao waliniletea kopo la bati. Marehemu alikuwa baharia, na katika miaka ya 1960 meli zake zilikuwa zikitia nanga Port Said na Iskandariya. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu 11 za shaba zenye kutu ya kijani, pamoja na risiti moja ya duka iliyoandikwa kwa Kiarabu. Kaka mkubwa alitaka ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Mdogo wake alikuwa ameambiwa na mtu kwamba zina kichwa cha Malkia Cleopatra, na kwamba moja tu ingetosha kununua nyumba. Dada yao akasema: "Sheikh, sisi tunataka kugawana kwa haki. Lakini tutagawana vipi kitu ambacho hatujui ni nini?"

Maneno ya dada huyu ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya kitu hufuata baada ya kukifahamu kitu chenyewe. Basi kutambua hutangulia kuthamini, na kuthamini hutangulia kugawa mirathi, kuuza na kutoa zaka.

FULUSI NA WENYEWE

Waarabu waliiita sarafu ya shaba fals, na wingi wake ni fulus. Neno hilo walilipokea kutoka kwa Warumi wa Mashariki, na kutoka kwa Waarabu sisi tukapata fulusi. Humo humo limetoka neno iflas, yaani hali ya mtu ambaye dirhamu zake zimemwishia akabaki na vipande vya shaba. Ndiyo asili ya muflisi na kufilisika. Dirhamu nayo asili yake ni drakma ya Wayunani, na drakma ndiyo iliyokuwa kipimo cha fedha cha hao tunaowazungumzia.

Batalima ni wafalme wa Kiyunani waliotawala Misri baada ya kufa Iskandar wa Makedonia mwaka 323 kabla ya Miladia. Jemadari wake Ptolemy, ambaye Waarabu humwita Batlimus, aliishika Misri na baadaye akajitangaza mfalme. Ufalme ukaendelea katika kizazi chake mpaka alipokufa Cleopatra wa Saba mwaka 30 kabla ya Miladia. Mwanafunzi asiwachanganye wafalme hawa na Batlimus mwanafalaki, mwenye kitabu cha Almajisti. Huyo aliishi katika karne ya 2 Miladia, Misri ikiwa tayari chini ya Warumi, wala hakuwa mfalme.

NAMNA YA KUZITAMBUA

Kwanza, tazama picha. Sarafu nyingi za shaba za Batalima zina upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye ndevu na pembe ya kondoo dume karibu na sikio. Huyo ni Zeus-Amoni, mmoja wa miungu ya uongo waliyoiabudu. Upande wa pili yupo tai aliyesimama juu ya radi, nayo imechorwa kama fungu lililofungwa katikati. Zipo aina nyingine, kama kichwa cha Iskandar aliyevaa ngozi ya tembo, au kichwa cha mwanamke mwenye nywele za misokoto. Lakini tai juu ya radi ndiye alama kuu ya utawala huo.

Pili, soma maandishi. Kuuzunguka upande wa tai mara nyingi pameandikwa ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, maana yake "ya Ptolemy Mfalme". Aliyesoma nahau ataona kwamba majina yote mawili yamewekwa katika hali ya umilikaji, mfano wa mudhaf ilayhi katika Kiarabu. Hapa pana mtihani: wafalme wote wa ukoo huo waliitwa Ptolemy, na sarafu hizi hazitaji kuwa ni wa ngapi. Kwa hiyo jina peke yake halikupi mfalme wala mwaka.

Tatu, tazama katikati. Tangu zama za Ptolemy wa Pili, sarafu nyingi za shaba zina kishimo kidogo katikati ya kila upande. Kishimo hicho hakikupenya upande wa pili. Wataalamu wengi wanakihusisha na kifaa kilichotumika kukisawazisha kipande cha shaba kabla ya kupigwa muhuri. Asiyejua hudhani ni kasoro, kumbe ni katika alama zinazoitambulisha sarafu. Tazama na ukingo: mara nyingi umelalia upande mmoja, kwa sababu kipande kilimiminwa kwanza katika kalibu.

Nne, pima uzito na upana. Kwa mizani ya sonara na rula ya milimita utajua mengi kuliko kwa macho. Zipo sarafu za gramu chache tu, na zipo kubwa zenye upana wa milimita 40 na ushei na uzito wa gramu 70 hivi, ambazo hujaza kiganja. Hizo kubwa ni za karne ya 3 kabla ya Miladia. Anayeuliza habari za sarafu bila kutaja uzito na upana ni kama anayemwuliza qadhi kuhusu mirathi bila kutaja warithi.

Tano, tafuta alama ndogo: herufi baina ya miguu ya tai, pembe ya neema pembeni mwake, rungu, au ua. Alama hizi ndizo hupambanua toleo na toleo, na mji na mji, kwa kuwa Batalima walipiga sarafu pia Kupro, Sairini na miji ya Shamu. Rungu mbele ya tai, kwa mfano, ni alama ya mji wa Tiro (Sur).

Ukishakusanya hayo matano, ndipo unarejea kwenye vitabu. Mgiriki Ioannis Svoronos alichapisha orodha kubwa ya sarafu hizi kati ya mwaka 1904 na 1908, na mpaka leo wauzaji hutaja namba zake. Mwaka 2018 Catharine Lorber alitoa, kupitia jumuiya ya wataalamu wa sarafu ya Marekani, orodha mpya ya sarafu za wafalme wanne wa mwanzo. Hukumu nyingi za Svoronos zimerekebishwa humo. Basi muuzaji akikupa namba ya kitabu cha zamani tu, mwulize kitabu kipya kinasemaje.

MAKOSA MATATU YALIYOENEA

La kwanza ni kusema kwamba mwenye pembe ni Dhul-Qarnayn aliyetajwa katika Surat al-Kahf. Ibn Kathir ametahadharisha kwamba Iskandar wa Makedonia, ambaye Aristotle alikuwa waziri wake, siye Dhul-Qarnayn, kwani yule alikuwa mshirikina na huyu alikuwa mja mwema. Tena, kichwa chenye ndevu katika sarafu hizi si cha Iskandar hata huyo wa Makedonia. Anayekiuza kwa jina la Dhul-Qarnayn amekosea mara mbili.

La pili nililifanya mimi mwenyewe. Katika kopo lile mlikuwa na sarafu moja kubwa, na baina ya miguu ya tai palikuwa na herufi X na P zilizopandishwa pamoja. Nikawaambia wale ndugu bila kusita: "Hii ni ya Warumi Wakristo." Nilikosea. Alama hiyo ilitumiwa na Wakristo wa Rumi tangu zama za Constantine, karne ya 4 Miladia. Lakini sarafu ile ni ya Ptolemy wa Tatu, aliyetawala kuanzia mwaka 246 hadi 222 kabla ya Miladia, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) kwa zaidi ya miaka 200. Kwa Batalima zilikuwa herufi za ukaguzi tu. Ilinibidi niwaite tena niwaambie, na kurudi kwenye haki ni bora kuliko kudumu katika kosa.

La tatu ni jina la Cleopatra. Kila kichwa cha mwanamke huuzwa kwa jina lake, ilhali wengi wao ni Isis mwenye taji la masuke, katika sarafu zilizopigwa zaidi ya miaka 100 kabla ya malkia huyo. Sarafu za shaba za Iskandariya za Cleopatra wa Saba zina jina lake mwenyewe, ΚΛΕΟΠΑΤΡΑΣ ΒΑΣΙΛΙΣΣΗΣ, na mbele ya tai pana herufi inayotaja thamani: Π kwa drakma 80, na Μ kwa drakma 40. Aliyesoma hesabu ya abjadi atatambua mara moja, kwani kwetu pia mim ni 40 na fa ni 80. Hesabu hizo mbili zina asili moja katika herufi za Wafoinike. Ukikosa jina na ukakosa herufi hizo, usiseme ni Cleopatra.

BANDIA NA ZILIZOTENGENEZWA

Bandia nyingi hutiwa katika kalibu iliyochukuliwa kwenye sarafu ya kweli. Dalili zake ni mstari wa kiungo kuzunguka ukingo, vitundu vya hewa usoni, manyoya ya tai yaliyofifia bila kusagika, na uzito usiolingana na aina yake. Ukiona sarafu mbili zina mkwaruzo ule ule mahali pale pale, jua zimetoka katika kalibu moja. Zipo pia sarafu za kweli zilizochongwa upya kwa kisu ili zionekane kama mpya. Hizo ni za kweli, lakini thamani yake imeshuka, na ni lazima mnunuzi aambiwe.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta unyevu chini yake. Akamkemea mwenye mali kwa kutouweka ule unyevu juu ili watu wauone. Anayepaka rangi ya kijani juu ya sarafu iliyochongwa ameficha unyevu chini ya lundo.

NINI HUPANDISHA NA KUSHUSHA THAMANI

Jambo la kwanza ni hali yake: je, pembe, macho, manyoya na maandishi yanaonekana? La pili ni uchache wa aina yake, wala si umri. Batalima walipiga shaba nyingi mno, na sarafu ya miaka 2,200 iliyosagika inaweza kuuzwa kwa dola makumi machache tu. Kubwa iliyo safi hufika mamia ya dola, na ya Cleopatra yenye sura nzuri huzidi hapo. La tatu ni utando wake. Utando wa kijani au kahawia ulio laini ni hifadhi na uzuri wake. Usiusugue kwa ndimu, siki wala mchanga, maana utaiharibu thamani kwa dakika tano. Lakini unga wa kijani hafifu unaopukutika ni maradhi ya shaba. Itenge sarafu hiyo mahali pakavu na umwone fundi.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni makaratasi. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale na kuvifanya kuwa mali ya dola. Sarafu iliyotolewa huko kwa siri baada ya hapo ni mali ya wizi hata kama ni ya kweli, na Muislamu hanunui mali anayojua imeibiwa. Ile risiti iliyokuwamo katika kopo, yenye tarehe ya mwaka 1964, kwa mnunuzi mwenye kujali ilikuwa na uzito kuliko sarafu kadhaa.

HUKUMU ZINAZOFUNGAMANA NAZO

Mali iliyozikwa zama za jahiliya na kupatikana ardhini huitwa rikazi, na ndani yake mna khumsi. Jumhuri ya wanazuoni wameingiza humo shaba na mfano wake. Kauli mashuhuri katika madhhab ya Imam Shafi ni kwamba khumsi ni katika dhahabu na fedha tu. Lakini hukumu hiyo inamhusu aliyeichimbua, si aliyenunua dukani wala aliyerithi. Anayeziweka kama kumbukumbu, shaba haina zaka kwake. Anayezifanyia biashara atazithamini kwa bei ya soko kila mwaka unapotimia, na mali yake ya biashara ikifikia nisabu atatoa asilimia 2.5. Kuhusu picha, Masahaba walitumia sarafu za Warumi na Waajemi zenye picha, mpaka Abdul Malik bin Marwan alipotoa dinari zenye maandishi matupu mwaka 77 Hijria.

Wale ndugu walizipeleka sarafu zao kwa mjuzi. Tisa zilikuwa za Batalima, mbili bandia, na ya Cleopatra haikuwamo hata moja. Thamani yake haikununua nyumba, lakini ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya shaba chakavu. Kila sarafu iliuzwa kwa sifa yake ya kweli, fedha zikagawanywa mafungu matano: kila kaka mawili, dada moja. Zile mbili bandia walizitia alama kwa patasi, asije mjukuu akamwuzia mtu.

Wallahu a'lam.