Amri bila waya: namna mota ndogo za roboti zinavyoendeshwa kutoka mbali

Wengi wanaojifunza roboti huanza na kifaa kimoja: gari dogo la magurudumu linaloendeshwa kwa simu ya mkononi au rimoti. Kwa kijana wa Kisugu, mtaa uliomo katika Tarafa ya Makindye jijini Kampala, vifaa vya gari kama hilo aghalabu hununuliwa kimoja kimoja kwa fedha ya kudunduliza, au hutolewa katika printa na vichezeo vilivyoharibika. Bodi moja ikiungua, kazi yaweza kusimama kwa muda mrefu. Ni muhimu basi kufahamu, kabla ya kuunganisha waya wa kwanza, amri hupita wapi na nguvu hutoka wapi.

Udhibiti wa mbali si jambo geni. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, bila waya wala nahodha. Nchini Uganda, shirika la Fundi Bots, lililoanzishwa mwaka 2011 na Solomon King Benge, hutumia roboti kuwafundisha wanafunzi sayansi kwa vitendo. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili "fundi", neno linalofahamika vyema katika karakana za Katwe, zilizomo katika tarafa hiyohiyo ya Makindye.

Amri si nguvu

Kosa linaloharibu vifaa vingi ni kuiunganisha mota moja kwa moja na bodi ya udhibiti. Bodi kama Arduino Uno ni kompyuta ndogo inayosoma programu na kutoa amri. Haikuundwa kubeba mzigo. Inashauriwa kila pini yake isitoe zaidi ya miliampia 20, na kikomo chake cha mwisho ni 40. Mota ndogo ya gari la kuchezea huweza kuhitaji zaidi ya miliampia 100 hata isipobeba kitu, na gurudumu likikwama mahitaji hayo hupanda mara kadhaa. Pini ikilazimishwa kutoa kiasi hicho, huungua.

Aidha, mota inapokatiwa umeme ghafla, koili zake hurudisha msukumo mkali wa volti. Msukumo huo usipopewa njia ya kupita, kwa kawaida kupitia diodi, huweza kuua transista iliyo karibu.

Ndiyo sababu kati ya kompyuta na mota huwekwa bodi ya kuendeshea mota. Mojawapo ya zinazotumiwa sana ni L298N, inayoweza kuendesha mota mbili kwa hadi ampia 2 kila moja. Ndani yake, kwa kila mota, mna swichi nne za transista zilizopangwa mfano wa herufi H, mota ikiwa kwenye mstari wa katikati. Swichi mbili zilizokaa mshazari zikifungwa, umeme hupita upande mmoja na gurudumu huenda mbele. Zikifungwa zile mbili nyingine, umeme hugeuza njia na gurudumu hurudi nyuma.

Bodi hiyo ina gharama yake: hupoteza takriban volti 2 njiani. Betri nne za kawaida za volti 1.5 hutoa volti 6, lakini zinazoifikia mota ni kama 4 tu. Gari likionekana zembe, huenda tatizo si mota wala programu, bali hesabu hiyo. Mafundi wengine hutumia betri mbili za lithiamu za volti 3.7 zilizofuatana, zinazotoa volti 7.4. Hizo zinahitaji uangalifu, kwani zikipata shoti huweza kushika moto.

Jambo jingine linalosahauliwa ni waya hasi. Hata kama mota ina betri yake na kompyuta ina yake, nyaya hasi za pande zote mbili sharti ziunganishwe. Bila hivyo, amri haina pa kupimiwa na mota hutenda ovyo.

Kasi na pembe

Kasi ya mota haipunguzwi kwa kupunguza betri. Kompyuta huwasha na kuzima umeme kwa haraka sana. Katika pini nyingi za Arduino Uno, mara zipatazo 490 kwa sekunde. Mota haiwezi kufuata kila mkatizo, hivyo huhisi wastani. Umeme ukiwaka nusu ya muda, nguvu inayoifikia ni kama nusu. Katika programu, kiwango hicho huandikwa kwa nambari kutoka 0 hadi 255.

Mota za servo, zinazotumika kugeuza usukani au mkono wa roboti, hufuata lugha tofauti kidogo. Hupokea msukumo mmoja kila milisekunde 20. Msukumo wa milisekunde 1.5 huuweka mkono katikati. Ukikaribia 1 au 2, mkono huelekea upande mmoja au mwingine.

Njia za kupitisha amri

Njia rahisi zaidi ni miali ya infraredi, ileile ya rimoti ya televisheni. Bei yake ni ndogo, lakini hutaka kuonana ana kwa ana, na jua kali huivuruga.

Bluetooth hufaa kwa kuwa simu nyingi tayari zinayo. Kifaa cha kupokea kama HC-05 hufika takriban mita 10. Simu hutuma herufi, na programu huamua maana yake. Hapa lugha haina kikwazo: M yaweza kuwa mbele, N nyuma na S simama. Mashine haijali herufi imetoka katika Kiingereza, Kiluganda au Kiswahili.

Bodi kama ESP32 huongeza Wi-Fi, na redio ndogo za nRF24L01 huwezesha kutengeneza rimoti maalumu. Hata hivyo, Bluetooth, redio hizo na Wi-Fi nyingi hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Katika mtaa wenye nyumba zilizosongamana, mawimbi hayo hugongana, na mabati huyazuia au kuyarudisha. Umbali ulioandikwa kwenye boksi hupimwa mahali pa wazi. Kati ya kuta za matofali hupungua.

Amri ikikatika

Hapa ndipo penye hatari ambayo wanaoanza hawaitazamii. Kompyuta iliyopokea amri ya "mbele" huendelea kuitii hadi ipewe nyingine. Simu ikizimika, gari halisimami. Huendelea kwenda, iwe kuelekea barabarani penye bodaboda au kwenye sigiri yenye makaa.

Dawa yake ni kuibadili kanuni: ukimya uwe na maana ya kusimama. Simu itume amri mara kumi kwa sekunde, na programu ipime muda tangu amri ya mwisho. Nusu sekunde ikipita bila neno, mota zizimwe. Jaribio lake ni jepesi: gari liinuliwe ili magurudumu yazunguke hewani, kisha simu izimwe. Yasiposimama, gari lisishushwe chini.

Kanuni hiyo hiyo hulinda mashine kubwa zaidi, kuanzia pampu ya maji inayowashwa kwa simu hadi ndege isiyo na rubani. Kwa ndege hizo, ufundi pekee hautoshi, kwani nchini Uganda kuzirusha kunahitaji kibali cha mamlaka husika. Gari la mezani halihitaji kibali, lakini anayelitengeneza hujifunza mapema swali ambalo kila mhandisi wa mashine za mbali hulazimika kulijibu: itakuwaje pale mashine isipomsikia tena mwendeshaji wake?