Jeshi kubwa ni mzigo kwa hazina tupu

WAHENGA walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Methali hii inaeleza vyema kwa nini wachezaji wengi wa Mount & Blade: Warband huangamia hata baada ya kushinda vita vingi.

Mchezo huu wa kompyuta ulitolewa mwaka wa 2010 na kampuni ya TaleWorlds ya Ankara, Uturuki. Mchezaji huongoza kikosi katika nchi ya kubuni ya Calradia, ambamo falme zilizoundwa kwa mfano wa Enzi za Kati hupigania miji, ngome na vijiji. Kila juma ni sharti awalipe askari wake kwa dinari.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Kuruta hulipwa kidogo mno, lakini kadiri askari anavyopanda daraja ndivyo ujira wake unavyopanda kwa kasi. Wapanda farasi hulipwa zaidi ya askari wa miguu wa daraja lao, na mamluki nao wana nyongeza yao. Mshahara usipolipwa, deni hurundikana, ari hushuka na askari huanza kutoroka.

Mchezaji asiye na uzoefu hutegemea nyara ili kuziba pengo hilo. Lakini nyara hutokana na vita, na vita huua askari walewale waliogharimu fedha nyingi kufunzwa. Kodi za vijiji nazo hukatika adui anapoviteketeza.

Tuchukue mfano. Iwapo kodi na faida ya karakana huleta dinari 1,500 kwa juma, nayo mishahara ni dinari 2,100, pengo ni dinari 600. Akiba ya dinari 3,000 itakwisha kwa majuma matano.

Dawa yake haihitaji kumfuta kazi hata mmoja. Askari wanaolinda ngome ya mchezaji hulipwa nusu mshahara. Akiwaacha humo askari wanaochukua nusu ya gharama hiyo, mishahara itashuka hadi dinari 1,575. Pengo litakuwa dinari 75 tu, na akiba ileile itadumu majuma 40.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina bei yake. Aliye ngomeni hawezi kumwokoa bwana wake akivamiwa njiani. Kwa hivyo inafaa kuchagua ngome iliyo karibu na mpaka, ili askari wachukuliwe upesi vita vikizuka. Aidha, kukuza stadi ya uongozi hupunguza mishahara, na karakana ya kutia nguo rangi mjini huleta faida hata wakati wa amani.

Historia ina ushahidi wa hatari hii. Baada ya Uingereza na Ufaransa kuafikiana huko Brétigny mwaka wa 1360, askari wengi walipoteza ajira. Badala ya kurejea makwao, waliungana katika makundi yaliyopora vijiji vya Ufaransa na kudai fedha kutoka kwa wenyeji. Amani iliyotarajiwa kuwapa wakulima nafuu ikawa balaa jingine.

Basi mchezaji asijipime kwa wingi wa mikuki inayomfuata. Na ajiulize: vita vikikoma leo, nitawalipa askari hawa kwa majuma mangapi? Mtu hujikuna ajipatapo.