Mbona Spika Hakututaja?

Wiki iliyopita binti yangu, mwenye miaka kumi, alirudi kutoka safari ya shule Westminster, kwenye Bunge la hapa Uingereza, akiwa na kalamu mpya, begi lililojaa makombo ya biskuti na lalamiko moja. Walizungushwa kwenye kumbi, wakaigiza ubunge katika kituo cha elimu, wakapandishwa jukwaani kutazama kikao kwa dakika chache. "Lakini Mama, Spika hakututaja. Nyie mlitajwa!"

Kosa ni langu. Nimemsimulia habari za ziara yetu ya Bunge la Dodoma tangu hajaanza shule, akaamini kuwa kila bunge duniani huwaita watoto wa shule kwa jina. Nikaona nimweleze vizuri, na kwa kuwa wazazi wengi wa huku hupata barua ya safari kama ile, nawawekea na ninyi.

Julai 2007 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Iringa. Mchango wa safari ulikuwa shilingi 12,000, na mama aliulipa kwa awamu mbili. Barabara ya Iringa kwenda Dodoma kupitia Bwawa la Mtera ilikuwa bado haijawekwa lami, hivyo tulipofika bwawani na kukimbilia samaki wa kukaanga, mashati yetu meupe yalishageuka rangi ya ugoro. Wenzetu wawili walikuwa wakitapika tangu Izazi. Tulilala sakafuni kwenye darasa la shule moja ya mjini, na asubuhi saa moja na nusu tulikuwa tumeshapanga foleni mjengoni. Jengo lenyewe lilikuwa na mwaka mmoja tu, lilifunguliwa Juni 2006. Kabla ya hapo wabunge walikuwa wakikutania ukumbi wa pembeni, ambao leo unaitwa Ukumbi wa Pius Msekwa, na zamani zaidi Karimjee, Dar es Salaam.

Kilichotupata kwanza ni baridi ya kiyoyozi. Saa tatu watu wote wakasimama, siwa, rungu la mamlaka, ikaingia, Spika akafuata, dua ikasomwa. Spika wa Bunge lile alikuwa Samuel Sitta, mzee wa kaulimbiu ya "kasi na viwango". Chini kabisa, kiti cha mbele, tulioneshwa Waziri Mkuu Edward Lowassa, nasi tukanyoosha shingo kama twiga. Miezi saba baadaye, Februari 2008, alitangaza kujiuzulu katika ukumbi uleule kwa sababu ya sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na shuleni tuliosafiri tukajiona mashahidi wa historia, ingawa tulichokishuhudia ni maswali ya visima na barabara. Tulichoondoka nacho ni namna ya kusema. Kwa mwezi mzima bwenini hakuna aliyeomba sabuni bila kuanza na "Mheshimiwa Spika", na mtu akikubali ombi alilazimika kuliunga mkono "mia kwa mia" kabla ya kueleza kwa nini sabuni hakuna.

Baada ya maswali yakaja matangazo. Vikao vya kamati, kisha wageni: mke wa mheshimiwa fulani, wachungaji, viongozi wa kata, halafu jina la shule yetu na idadi yetu. Tukaombwa tusimame. Tukasimama, wengine wamepiga saluti kwa kiwewe, na wabunge wakagonga meza. Hayo ndiyo makofi ya Bunge. Sekunde ishirini hivi, tukakaa.

Sasa Westminster. Huko mtu aliyeingia kutazama kikao aliitwa *stranger*, yaani mtu baki, na jukwaa lake likaitwa jukwaa la watu baki hadi 2004, ndipo likaanza kuitwa jukwaa la umma. Lilikuwa neno lenye meno. Mbunge yeyote akisema tu kwamba ameona watu baki, Spika alilazimika kuwatoa wote nje. Mwaka 1875 mbunge mmoja wa Ireland, Joseph Biggar, alilitamka wakati jukwaani ameketi mwana mfalme, mrithi wa kiti cha Malkia Victoria. Akatolewa naye. Baada ya kioja hicho wakarekebisha utaratibu ili kwanza kura ipigwe, lakini maneno yenyewe yaliendelea kutumika mpaka 1998.

Wanawake ndio waliokiona cha moto. Walifukuzwa jukwaani mwaka 1778, na kwa miaka mingi waliotaka kusikia mjadala walipanda darini na kuchungulia kwenye tundu la kupitishia hewa. Lilipojengwa jumba jipya baada ya moto wa 1834, wakapewa chumba chao juu ya kiti cha Spika, kimezibwa kwa wavu wa chuma. Oktoba 1908 wanaharakati wa kura za wanawake, Muriel Matters na Helen Fox, walijifunga minyororo kwenye wavu huo, na ilibidi ung'olewe nao wakiwa wamening'inia. Uliondolewa moja kwa moja mwaka 1917. Vipande vyake vipo madirishani katika ukumbi wa kati, na binti yangu amepita chini yake bila kuambiwa. Mwalimu akisahau, mzazi ukumbushe.

Kwa desturi hiyo, mbunge wa Uingereza hatakiwi kuwazungumzia watu walioko jukwaani. Spika huvunja ukimya mara chache, hasa kwa ujumbe wa mabunge ya nje. Watoto wa darasa la tano wataona yote, ila kwa kumbukumbu za kikao hawakuwapo.

Huo ndio mfumo uliopandwa Dar es Salaam mwaka 1926, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza chini ya gavana, Sir Donald Cameron. Ndani walikuwa maofisa wa serikali, walowezi wa Kizungu na Wahindi wawili watatu. Mwafrika hata wa dawa hakuwamo. Ilichukua miaka 19 kabla ya Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia kuteuliwa mwaka 1945, na gavana aliendelea kuketi kwenye kiti cha mbele mpaka alipowekwa Spika mwaka 1953. Kwa hiyo swali la nani mgeni na nani mwenyeji katika ukumbi ule lilikuwa halina utani. Wenye nchi ndio waliokuwa watu baki.

Uhuru ulipokuja, mengi ya Westminster yalibaki: Spika, miswada kusomwa mara tatu, kumbukumbu ziitwazo Hansard, hata lile rungu la kuashiria mamlaka. Ila rungu likapewa jina la siwa, na siwa ni baragumu la watawala wa pwani. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, zilipulizwa kwenye harusi za wakubwa na shughuli za utawala. Mjadala ukawa wa Kiswahili. (Sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza hadi yalipopitishwa mabadiliko ya 2021, jambo ambalo sisi wa jukwaani hatukulifahamu, tukidhani kila kinachosemwa ndicho kinachoandikwa.) Na mtu baki akawa mgeni.

Hapo ndipo ninapoona jibu la binti yangu. Mgeni kwa Kiswahili si mtu wa kutimuliwa. Akiingia mlangoni anatambulishwa, anapewa kiti, anaulizwa habari za atokako; usipomtaja aibu ni yako. Kanuni za Bunge bado zinampa Spika mamlaka ya kuwaondoa wageni, lakini kila asubuhi ya kikao kinachosikika ni karibuni. Nairobi nako Spika huwakaribisha wanafunzi walioko jukwaani, mara nyingi kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kiliruhusiwa katika bunge hilo tangu 1974.

Nisije nikaipamba mno desturi hii. Mara nyingi wanafunzi hutangazwa kama wageni wa mbunge wa jimbo lao, na mheshimiwa anajua fika kwamba wale watoto wana wazazi na wazazi wana kadi za kupigia kura. Tangazo likirefuka, muda wa kujadili bajeti unapungua, nami nimewahi kusikiliza orodha ya wageni mpaka chai ikapoa. Halafu kuna suala la fedha. Shule ya binti yangu ilipata ruzuku ya usafiri kutoka Bunge la hapa, mzazi hatoi hata senti. Kwetu aliyeshindwa kutoa zile 12,000 alibaki bwenini, na walibaki wengi. Kama ningeambiwa nichague kimoja cha kuhamisha kutoka Westminster kwenda Dodoma, ningehamisha ruzuku ile na kuwaachia mengine yote.

Binti alisikiliza, akataka ushahidi. Majadiliano ya Bunge yamewekwa kwenye tovuti ya Bunge la Tanzania, bure, miaka mingi nyuma. Unachohitaji ni kukumbuka mwaka na mwezi. Tulikaa tukifungua siku moja baada ya nyingine mpaka karibu saa nne usiku. Shule yetu imo, na mwisho wa mstari pameandikwa makofi kwenye mabano. Inasema tulikuwa wanafunzi 52. Jukwaani tulikuwa 50; wale wawili wa Izazi walikuwa bado wamelala kwenye basi.