Mzimu Hauhitaji Panga

Riwaya ya upelelezi yenye mizimu ndani yake humtupia msomaji maswali mawili kwa mpigo: nani kaua, na je, aliyeua ni binadamu? Swali la kwanza limo katika kila hadithi ya polisi. La pili ndilo linalomfanya msomaji wa usiku asimame katikati ya ukurasa, asikilize kwanza kilichogonga bati.

Kwa Kiswahili, mfano ulio wazi kuliko yote ni *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika magazeti, na pengine ndiyo maana mpelelezi wake ana jicho la mtu aliyezoea kuchungulia nyua za watu. Riwaya hiyo ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa penye mzimu. Inspekta Seif wa polisi yupo, lakini fundo linafunguliwa na Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno ya kupima, akiwa na rafiki yake Najum.

Jina la kitabu lenyewe ni mtego. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali: pango, jabali au mti mkubwa ambapo watu hupeleka ubani, marashi na vitambaa, kisha huondoka wakinong'ona. Maiti ikikutwa hapo, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza. Wakale wamekasirika, nani atawahoji?

Kwa msomaji wa Chanika, mjini Handeni, neno hilo halitoki kitabuni. Uziguani tambiko ni jambo linalojulikana, na wahenga hutajwa kwa adabu hata na waendao msikitini na kanisani. Msomaji wa huko haanzi kwa kuuliza kama mizimu ipo. Huuliza jambo gumu zaidi: tangu lini mzimu ukahitaji panga? Wahenga wakiudhika, kwa mujibu wa mila, mvua hukatika, maradhi huingia, uzazi hufungwa. Mwili wenye jeraha la chuma ni habari nyingine. Hivyo anayeheshimu mizimu anaweza kumshuku binadamu mapema kuliko anayeicheka, kwa kuwa anajua desturi zake.

Hapo ndipo ufundi wa riwaya ya namna hii ulipo. Hofu humfanya mtu akodolee macho mahali pamoja, na mwandishi mjanja huficha dalili mahali pengine. Anayerudia kusoma hukuta kila kitu kilikuwa mezani. Arthur Conan Doyle alitumia mbinu hiyo hiyo mwaka 1902 katika *The Hound of the Baskervilles*, ambapo mbwa wa laana anautisha ukoo mzima mpaka Sherlock Holmes afike. Bwana Msa ni ndugu wa karibu wa Holmes.

Fumbo likishafumbuliwa, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaoshusha pumzi. Wapo wanaohisi wamedhulumiwa: walitishwa kurasa nyingi, halafu wanaonyeshwa mtu mwenye tamaa. Hawa wa pili watashibishwa na *Mirathi ya Hatari* ya C. G. Mung'ong'o (1977), ambamo kijana anarithishwa uchawi na baba yake, wala hatokei mpelelezi wa kuja kuufafanua. Hofu ya riwaya hiyo ni nzito zaidi, kwani haina ukurasa wa mwisho wa kuiponya. Lakini kwa fumbo, Abdulla ndiye fundi.

Bwana Msa alirudi katika *Kisima cha Giningi* (1968), kitabu kinachobeba jina la makao ya wachawi katika masimulizi ya Visiwani, na tena katika *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976). Aanzaye aanze na kile cha 1960. Na anayemwazima mwenzake kitabu hicho, tafadhali asimtajie muuaji.