Oya, Nani Yuko Kwenye Sahani?

Geto letu hapa Kayanga, Karagwe, lina PS4 ya mtumba na pedi nne. Wiki nzima ni mpira tu: mshindi anabaki, aliyepigwa anaachia pedi. Jumamosi moja binamu yangu akashuka kutoka Nkwenda, kule Kyerwa, na diski ya Overcooked! 2. Gemu la kupika. Masela wakaguna, yaani tuache kufunga magoli tukakate vitunguu? Saa nne usiku tulikuwa bado tumesimama mbele ya tivii, sauti zimekauka, sufuria zote zimeungua, na hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Nyuma ya gemu hili kuna wachizi wawili wa Uingereza, Phil Duncan na Oli De-Vine wa Ghost Town Games. La kwanza lilitoka 2016, mwaka uliofuata likabeba tuzo mbili za BAFTA, na hili la pili likaingia 2018. Mnacheza hadi watu wanne jiko moja. Oda zinajipanga juu ya skrini, kila moja na muda wake. Mnakata, mnachemsha, mnapakua, mnatoa, sahani inarudi chafu, mnaosha. Jiko lenyewe halitulii: kwenye gemu la kwanza kuna jiko lililogawanywa kwenye malori mawili yanayokimbia barabarani! Na mkiwa geto moja hamhitaji bando hata kidogo. Kwa sisi wa huku, hilo ni bonge la pointi.

Sasa msala wetu ulikuwa huu: kila mtu alitaka kuwa fundi wa kisu. Wote wanne tumebanana kwenye mbao za kukatia, tunagongana mabega. Vyakula vitatu vimeiva, sahani safi hakuna hata moja. Sufuria ikikaa motoni kupita muda wake inaanza kulia, ikikaa zaidi inawaka, na moto unahamia kwa jirani. Mmoja anakimbilia mtungi wa kuzimia moto, wengine watatu wanauliza nani kaunguza. Swali hilo halijawahi kuzima moto.

Kilichotutoa ni kitu tulichokulia nacho. Kyerwa ilitoka kwenye Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya yake, ila kwenye sufuria bado tuko pamoja: ni ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage. Kama umewahi kukaa nyuma ya nyumba siku ya shughuli, unaijua ile ramani. Maharage yanatangulia motoni, kwa sababu yanachelewa kuiva na hayahitaji mtu wa kuyashika mkono. Yakiwa yanachemka, ndiyo mduara wa kumenya ndizi unakaa, viganja vimepakwa mafuta utomvu usigande. Zikishamenywa zinaingia kwenye maji zisiwe nyeusi. Kuna wa kuni, kuna wa maji, kuna wa majani ya mgomba ya kufunikia. Anayepita na sufuria ya moto anapaza sauti, "Moto huo, pisha!", na watu wanapisha bila kununa.

Tukaihamisha ramani hiyo kwenye skrini. Kinachoiva chenyewe kinaanza. Kwenye gemu la kwanza supu ya kitunguu inataka vitunguu vitatu, lakini usisubiri vitimie: kata kimoja, tumbukiza, sufuria inaanza kazi wakati unakata cha pili. Kisu na sinki ndivyo vinavyohitaji mtu asimame pale pale, ukiondoka kazi inasimama. Kwa hiyo mtu wa kisu asitembee. Kwenye hili la pili unaweza hata kurusha kiungo kilichokatwa kikatua kwenye sufuria ya mwenzako ng'ambo. Sahani haitupwi, inabebwa. Na oda zitoke kwa foleni, ya kushoto kwanza, maana ukifuata mpangilio bakshishi inapanda hadi mara nne. Sisi tulikuwa tunatoa rahisi kwanza, tunajiona wajanja, kumbe tunamwaga hela.

Halafu mdomo. Ongea kinachokuja, siyo kilichoharibika. "Sufuria mbili zinaiva, leta sahani" inasaidia. "We bwege umefanya nini" inaua mchongo. Tulikubaliana lawama zingoje hadi muda uishe, na ukiisha tunacheka, kisha tunapanga upya. Jiko likibadilika katikati ya levo, anayejikuta karibu na sinki ndiye wa sinki, bila mjadala.

Ila nasema kwa moyo wote: anayebeba timu ni mtu wa sahani. Hakuna anayemsifia, hakuna anayeigombania nafasi yake, na akikosekana hata fundi mwenye kisu cha umeme anabaki ameshika sufuria asiyo na pa kuipakulia. Binamu yangu alichukua sinki bila kuombwa, na usiku ule ndio tukapata nyota tatu za kwanza. Jumapili yake shangazi alikuwa na wageni. Nikakuta masufuria yamerundikana nje na dada zangu wako kwenye ndizi. Nikavuta beseni.

Kwa hiyo wana wa Omurushaka, Kaisho, Murongo na kwingine kote mnakokaa wanne kwenye kochi moja: kabla hamjawasha, pangeni kwanza nani yuko kwenye sahani.